Achari na chatne kwa njia ya reli: Mumbai hadi Chennai kabla ya mvua

Mwisho wa Mei nchini India watu huangalia vitu viwili: bei ya maembe mabichi na mawingu. Mvua za kusi hugusa Kerala karibu na tarehe 1 Juni na kuingia Mumbai siku kumi hivi baadaye. Kabla hazijafika, achari ya mwaka mzima inatakiwa iwe imeshafungwa mitungini. Ndiyo maana safari hii inafanywa sasa, kwenye joto la nyuzi 40, na si Desemba wakati hewa ni ya kupendeza na masoko hayana embe.

Njia ni ya treni: Mumbai, Ahmedabad, Jodhpur, Delhi, Kolkata, Guntur, Chennai. Beba mizani ndogo ya jikoni na vitambaa viwili safi vya pamba. Humu, kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula 15, kikombe 240.

Jumatatu, Mumbai

Jioni, ufukwe wa Girgaon Chowpatty. Kila kibanda cha bhel kina vyungu vitatu mbele: chatne ya kijani ya kotmiri na nanaa, ya kahawia ya ukwaju na tende, na nyekundu ya kitunguu saumu. Muuzaji anachanganya bisi za mchele, tambi nyembamba za dengu, viazi vya kuchemsha, vitunguu na embe bichi lililokatwa vipande vidogo sana, kisha anauliza unataka vipi. Ukisema “tikha”, yaani kali, mkono unakwenda kwenye kijani na nyekundu. Ukisema “mitha”, yaani tamu, unakwenda kwenye ukwaju. Kula papo hapo, kwa sababu bisi zinanyonya maji ya chatne na baada ya dakika tano zimelowa zote.

Chatne ya kijani inaonekana rahisi kuliko zote na ndiyo inayoharibika kwa watu wengi. Chukua vikombe viwili vya kotmiri vilivyoshindiliwa, majani pamoja na vijiti vyake laini, maana vijiti ndivyo vyenye harufu zaidi. Nanaa kikombe kimoja, majani tu. Vijiti vyake ni vichungu na hufanya chatne iwe nyeusi. Pilipili mbichi 3 au 4, tangawizi ya urefu wa sentimita 2, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko, karanga za kukaanga vijiko viwili vya chakula ili ishikamane. Badala ya maji ya bomba tia vipande vinne vya barafu. Saga kwa vipindi vifupi. Ndimu, kijiko kimoja cha chakula, inaingia mwishoni kabisa.

Barafu ina kazi yake hapo. Visu vya blenda vinapasha joto, na joto pamoja na asidi hubadilisha ukijani wa majani kuwa rangi ya zeituni iliyochoka. Ukisaga dakika tatu mfululizo na ndimu ndani, ladha itabaki lakini rangi imeshakwenda. Kosa la pili ni maji mengi. Chatne ya kupaka kwenye mkate ikimwagika kutoka kwenye kijiko, mkate utalowa. Na wauza sandwichi wa Mumbai hupaka siagi kwanza mpaka ukingoni, chatne juu yake, ili mafuta yawe ukuta.

Ya ukwaju: gramu 100 za ukwaju bila kokwa, tende 150 bila kokwa, sukari guru 150, maji vikombe vitatu. Chemsha dakika 15 kwa moto mdogo, ponda, chuja, rudisha motoni mpaka ishike mgongo wa kijiko. Epua ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ikipoa inazidi kuwa nzito. Kisha bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa kijiko kimoja cha chai, tangawizi kavu nusu kijiko, pilipili ya unga nusu, na chumvi nyeusi, ile yenye harufu ya yai la kuchemsha. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini inaliwa na ukwaju na chatne inapata ladha ya bati. Kwenye friji inakaa wiki mbili tatu bila wasiwasi, wakati ile ya kijani siku ya tatu ni ya kutupa.

Jumanne, Mumbai hadi Ahmedabad

Treni ya mchana ya mwendo wa haraka inachukua saa sita hadi saba kwa karibu kilomita 490. Kabla ya kupanda, nunua vada pav nje ya stesheni: katlesi ya kiazi iliyochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, ndani ya mkate mdogo, pamoja na chatne kavu nyekundu. Hii haina tone la maji, na ndiyo inayomfaa msafiri.

Mbata iliyokunwa kikombe kimoja, punje 12 za kitunguu saumu, karanga vijiko viwili vya chakula, ufuta kimoja, pilipili nyekundu ya Kashmiri ya unga viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai. Kila kitu kinakaangwa peke yake kwenye moto mdogo. Ufuta ukichanganywa na mbata tangu mwanzo, ufuta utaungua kabla mbata haijageuka rangi. Kitunguu saumu kikaangwe kwa mafuta kidogo hadi kingo zikauke. Halafu ngojea vipoe kabisa. Mbata ikisagwa ikiwa na joto hutoa mafuta, na badala ya unga unapata uji mzito unaonuka siku chache mbele.

Ahmedabad unaingia jioni. Pitia sokoni siku hiyohiyo, utazame maembe ya Rajapuri. Ni makubwa, mengine yanakaribia kilo moja, nyama nyingi na nyuzi chache. La achari likigongwa kwa kidole linalia kavu, na likikatwa nyama ni nyeupe. Likianza umanjano karibu na kokwa, mwachie mtu wa juisi.

Jumatano, Ahmedabad

Ni siku ndefu. Wagujarati ndio waliobeba achari hadi Zanzibar, Mombasa na Kampala, na anayeijua achari tamu ya embe ya madukani kwetu atakutana hapa na mama yake: chhundo.

Embe kilo moja, limeshamenywa na kukunwa kwa tundu kubwa za kikwangulio. Chumvi vijiko viwili vya chakula, manjano kijiko kimoja cha chai. Acha saa tatu. Maji yatatoka, usiyakamue, yanahitajika kuyeyusha sukari. Tia sukari kilo moja na robo, koroga mpaka iyeyuke, mimina kwenye sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu, funika kwa shashi na uifunge kwa kamba. Asubuhi inapanda juu ya paa, jioni inashuka ndani. Inakorogwa mara mbili kwa siku kwa kijiko kikavu. Ukiiacha nje usiku, sukari inavuta unyevu wa hewa na kazi ya mchana yote inarudi nyuma.

Inachukua siku 6 hadi 10 kulingana na jua. Kipimo cha kuiva ni uzi: chukua tone la shira kati ya kidole gumba na cha shahada, lipoe kidogo, kisha achanisha vidole. Uzi mmoja ukisimama bila kukatika, imeiva. Ukikatika, bado ina maji, na achari yenye maji hayo itaanza kutoa povu ndani ya mwezi, kifuniko kinavimba na harufu inakuwa ya pombe. Nyuzi zikiwa mbili tatu, umepitiliza, na chini ya chupa sukari itaganda kama mawe.

Pilipili ya unga vijiko viwili vya chakula na bizari nyembamba iliyopondwa kimoja na nusu vinaingia siku ya mwisho. Jua la wiki nzima hufifisha wekundu wa pilipili, kwa hiyo atakayeitia mapema ataambulia rangi ya udongo.

Kwa pwani yetu, Dar es Salaam au Malindi, unyevu wa hewa ni mkubwa mno kwa njia ya paa. Ipike jikoni: moto mdogo, dakika 20 hadi 30, ukikoroga, na uepue uzi unapoanza tu kuonekana. Embe litakuwa laini zaidi na rangi nzito zaidi. Kwa ulimi wetu ile ya jua ni bora, ina uchachu wa embe bichi ambao moto huutuliza, lakini ya jikoni haina aibu.

Mchana ni zamu ya methia keri, achari ya uwatu. Embe kilo moja, na ganda lake, vipande vya sentimita 2. Chumvi gramu 100 na manjano vijiko viwili vya chai, changanya, funika, lala nayo mpaka kesho, ukiigeuza mara mbili. Mwaga maji yaliyotoka. Tandaza vipande kwenye kitambaa cha pamba saa kadhaa hadi uso wake ukaukie: ukikishika kipande, kidole kibaki kikavu. Hatua hii ndiyo wengi huifupisha, na asilimia kubwa ya ukungu wanaoulalamikia Agosti ulizaliwa hapo.

Viungo: uwatu uliopasuliwa gramu 100, haradali iliyopasuliwa 50, chumvi 50, pilipili nyekundu ya unga 80, mvuje kijiko kimoja cha chai. Panga uwatu na haradali kama pete kwenye sinia, mvuje katikati. Pasha vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya karanga, yawe moto lakini yasitoe moshi, mwaga juu ya mvuje na ufunike dakika tano ili harufu isikimbie. Yakiwa yanachemka kupita kiasi, uwatu unaungua, na uchungu wa uwatu ulioungua hautibiki kwa sukari wala kwa muda. Vikishapoa, tia pilipili na chumvi, kisha embe. Shindilia kwenye mtungi wa kauri au chupa ya kioo. Kesho yake mimina mafuta nusu lita, yaliyopashwa na kupozwa kabisa, mpaka yapande sentimita 1 hadi 2 juu ya vipande. Baada ya siku kumi inalika. Baada ya mwezi ni tamu.

Angalia kibandiko cha mvuje kabla ya kununua. Unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano au gundi ya mti. Kwa mtu asiyekula ngano hilo ni jambo kubwa.

Sokoni msimu huu kuna pia gunda, tunda dogo la kijani linalogongwa kwa mchi mara moja hadi lipasuke. Ndani kuna kokwa katika ute unaonata hata kwenye nywele. Akina mama huchovya kijiti kwenye chumvi, huingiza na kuzungusha, kokwa linatoka na ute wake. Bila chumvi, kijiti chenyewe kinabaki ndani. Nafasi ya kokwa inajazwa embe lililokunwa na viungo vilevile vya methia.

Alhamisi, Jodhpur

Treni ya usiku inakushusha kwenye hewa ya jangwa la Thar. Kitambaa kilicholowa kinakauka ukiwa unakiangalia, na vipande vya embe vilivyochukua siku nzima Ahmedabad hapa vinamaliza kabla ya adhuhuri.

Mboga ni adimu, kwa hiyo meza inategemea chatne ya kitunguu saumu na mkate wa uwele. Pilipili kavu 20 za Mathania, kijiji cha jirani chenye sifa ya pilipili nyekundu sana. Ukizikosa, za Kashmiri. Toa mbegu, loweka maji ya moto nusu saa. Saga na kitunguu saumu gramu 100, bizari nyembamba na mbegu za kotmiri kijiko kimoja cha chai kila moja, chumvi. Kaanga kwenye samli vijiko vinne vya chakula kwa moto mdogo, dakika 10 hadi 12, hadi samli ijitenge pembeni. Kitunguu saumu kibichi kikibaki ndani, chatne itauma koo na kesho itakuwa na uchungu. Wengine hutia mtindi; upigwe kwanza, utiwe kijiko kimoja kimoja, la sivyo unakatika.

Hii ni ya friji, wiki moja. Usiiweke kabatini kwa kudhani mafuta yaliyo juu yanailinda. Mafuta huzuia hewa, na kwa kuzuia hewa huzuia ukungu, lakini vijidudu vya sumu ya botulini hupenda hasa mahali pasipo hewa na pasipo asidi. Embe lina asidi yake. Kitunguu saumu hakina. Achari ya kitunguu saumu ya kuweka muda mrefu lazima ipewe ndimu au siki ya kutosha.

Ker ni vitunda vidogo vya kichaka cha jangwani, vichungu mno vikiwa vibichi. Huloweshwa kwenye maji ya chumvi au maziwa ya mgando mepesi, maji yanabadilishwa kila siku, siku 4 hadi 7, hadi ukijani mkali ugeuke umanjano. Onja kimoja kabla ya kuendelea. Kikiwa bado kichungu, mafuta na haradali havitakificha.

Ijumaa, Delhi

Kituo cha kubadilisha treni, na saa chache za soko. Khari Baoli, karibu na msikiti wa Fatehpuri, ni soko la jumla la viungo. Ukiingia, utapiga chafya ya pilipili kabla hujaona gunia la kwanza. Kuna mambo mawili ya kununua. Haradali: ya manjano iliyopasuliwa kwa achari za kaskazini, ndogo nyeusi kwa Kolkata na kusini. Embe kavu la unga, amchur: liwe la kahawia hafifu na jepesi, likiwa na madonge, limeshakunywa unyevu.

Mafuta ya kaskazini ni ya haradali. Yapashwe mpaka yatoe moshi na rangi ipauke, kisha yapozwe ndipo yamiminwe. Yakitumika mabichi huwasha pua na kufunika ladha ya embe. Yakimiminwa ya moto hupika vipande, na achari inakuwa rojorojo.

Jumamosi, Kolkata

Kilomita 1,450 kwa treni ya usiku. Hapa mpangilio wa mlo unageuka. Chatne haikai pembeni ya sahani tangu mwanzo; inaletwa karibu na mwisho, baada ya samaki na nyama, pamoja na papadi, kabla ya vitamu. Mgeni anayeiomba mapema anapewa, lakini anatazamwa.

Inayopikwa zaidi ni ya nyanya, tende na amsotto, yaani maji ya embe bivu yaliyokaushwa juani tabaka kwa tabaka hadi yakawa kama ngozi. Pasha mafuta ya haradali kijiko kimoja cha chakula hadi yatoe moshi, punguza moto, tia pilipili kavu moja na nusu kijiko cha chai cha panch phoron: uwatu, habasoda, bizari nyembamba, haradali na shamari, punje nzima. Zikianza kulia tu, tia nyanya gramu 500 zilizokatwa, chumvi na tangawizi. Funika dakika 8. Sukari gramu 120, tende kumi, chemsha iwe nzito. Amsotto, gramu 60 za vipande, inaingia dakika mbili za mwisho. Ikiingia mapema inayeyuka yote, na unabaki na chatne tamu isiyo na kitu cha kutafuna. Sekunde za mwanzo ndizo hatari: katika zile punje tano, uwatu huungua wa kwanza.

Kitu cha pili ni kasundi, haradali iliyochachishwa, inayoliwa na samaki wa kukaanga aliyepakwa chenga za mkate. Haradali gramu 100, nusu ya manjano nusu nyeusi, ioshwe na kukaushwa kabisa. Saga kavu kwanza, kisha na maji baridi yaliyochemshwa, pilipili mbichi 4, embe bichi gramu 100, chumvi vijiko viwili vya chai, manjano nusu kijiko. Funika kwa kitambaa, weka juani siku 3 au 4, koroga kila siku.

Ukali wa haradali haumo kwenye punje ikiwa nzima. Unazaliwa punje ikipondwa na kukutana na maji, kwa kazi ya kimeng’enya kilichomo ndani yake. Maji ya moto yanakiua, na unapata uchungu bila ukali. Maji baridi na subira ya dakika 15 yanakiacha kifanye kazi, na asidi ya embe inakuja kuushika ukali huo usipotee haraka.

Jumapili, njiani

Treni ya pwani ya mashariki inaondoka alasiri na kutelemka kuelekea Chennai usiku kucha. Siku ya kukaa. Papadi na achari ya ndimu kutoka kwenye kopo la jirani wa behewa ndiyo chakula bora kuliko cha treni.

Jumatatu, Guntur

Shuka Vijayawada, kisha karibu saa moja ya barabara. Guntur ni mji wa pilipili. Pilipili yake, Guntur Sannam, ina alama ya kijiografia ya India, yaani jina linalolindwa kwa mahali inapotoka, na mavuno ya miezi ya mwanzo wa mwaka yakifika Mei yameshakauka vizuri. Na Mei ndiyo msimu wa avakaya, achari ya embe na haradali.

Sokoni watu hukaa na panga zilizopigiliwa kwenye ubao. Unanunua maembe, unaosha, unafuta kila moja likauke, unampa mkataji. Embe linakatwa pamoja na ganda gumu la kokwa, na hilo ni la lazima: kila kipande kikibaki na kipande chake cha ganda, kinashika umbo mwaka mzima. Lisilo na ganda linakuwa rojo ifikapo Oktoba. Embe la achari hii liwe kali na lenye nyuzi. Rajapuri ya juzi haifai. Nyumbani toa kiini cha ndani na ile karatasi nyembamba inayoshikamana na ganda, kwa sababu inashika maji na huoza. Futa kila kipande kwa kitambaa. Kilo tano zinamaliza asubuhi.

Kwa kilo moja ya vipande: unga wa haradali gramu 110, pilipili nyekundu ya unga 125, chumvi ya mawe iliyokaushwa juani na kusagwa 125, uwatu mzima kijiko kimoja cha chakula, kitunguu saumu kilichomenywa 100, mafuta ya ufuta mililita 350. Wengine huongeza dengu nzima kiganja kimoja. Zinavimba kwa maji ya embe na ni tamu kutafuna.

Haradali isikaangwe. Ianikwe tu juani, isagwe kwa vipindi vifupi, ipoe katikati, kwa sababu kinu kikipata joto unga unakuwa mchungu. Mafuta nayo hayapashwi moto. Changanya unga zote zikiwa kavu. Chovya vipande kwenye mafuta, gaagaza kwenye unga, panga mtungini tabaka kwa tabaka, malizia kwa unga uliobaki na mafuta. Funga kitambaa mdomoni.

Usiiguse siku mbili. Siku ya tatu mimina yote kwenye beseni kavu, koroga kwa mkono mkavu, onja. Inatakiwa iwe na chumvi kidogo kupita unavyopenda, maana embe bado litainyonya. Ikiwa chumvi imekolea sawasawa leo, mwezi ujao itakuwa pungufu, na achari yenye chumvi pungufu haifiki msimu wa pili. Rudisha mtungini. Mafuta yasipopanda juu, ongeza. Wiki tatu nne, ganda limelainika kwa nje na mchuzi umekuwa mzito.

Ukiona utando mweupe mwembamba juu, ni hamira za mwituni: toa, ongeza chumvi na mafuta, kula mapema. Ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya waridi, mwaga mtungi wote. Kuondoa sehemu iliyoota ni kujidanganya, mizizi ya ukungu imeshashuka. Chanzo, mara tisa kwa kumi, ni kijiko kilicholowa. Nyumba nyingi huweka mtungi mkubwa ghalani, unaofunguliwa na mtu mmoja kila wiki mbili, na chupa ndogo ya mezani ambayo ikiharibika hasara si kubwa.

Huliwa na wali wa moto, samli, na mbaazi zilizokobolewa na kupikwa nzito bila kiungo chochote. Mbaazi hizo, huenda ni za Tanzania au Msumbiji. India hununua nyingi kutoka pande zetu.

Kabla ya kuondoka onja gongura, chatne ya majani ya jamii ya choya. Osha majani, tandaza usiku kucha yakauke, kaanga kwa mafuta bila tone la maji hadi yalegee, ponda na pilipili kavu zilizokaangwa, kitunguu saumu na chumvi. Yenye kijiti chekundu ni machachu zaidi.

Jumatano, Chennai

Hewa ya bahari tena, nzito. Kifungua kinywa ni idli (vikate vya mvuke vya mchele na choroko), dosa (chapati nyembamba ya mchanganyiko huohuo), na chatne ya nazi ambayo ilisagwa asubuhi hii na saa nne itakuwa imeshaisha au imeshachacha.

Nazi iliyokunwa kikombe kimoja, nyama nyeupe tu bila ngozi ya kahawia. Dengu zilizokaangwa na kukobolewa vijiko viwili vya chakula, pilipili mbichi mbili, tangawizi kipande, chumvi, maji baridi nusu kikombe. Saga sekunde 30, simamisha, rudia mara moja. Ukisaga sana, au ukitumia maji ya moto, mafuta ya nazi yanajitenga na chatne inakuwa na madonge ya siagi. Dengu ndizo zinazoshika maji. Bila dengu, maji yanakwenda upande wake na nazi upande wake. Sisi wa pwani tumezoea ndimu au embe kwenye chatne ya bajia na ya urojo. Hapa haitiwi, kwa sababu idli yenyewe imechachuka.

Kuunga: mafuta kijiko kimoja cha chakula, haradali nusu kijiko cha chai. Ngojea punje zipasuke. Isiyopasuka ni chungu mdomoni. Kisha choroko nyeusi zilizokobolewa nusu kijiko hadi ziwe rangi ya dhahabu, pilipili kavu moja, majani ya mchuzi kumi, yawe makavu kwani mafuta yataruka. Mwaga juu, usikoroge mpaka mezani.

Kwa kubeba, nunua podi, chatne kavu ya choroko nyeusi, dengu, pilipili, ufuta na mvuje. Ukifika nyumbani unalainisha kijiko kimoja kwa mafuta ya ufuta, na dosa imepata mwenzake. Achari za mafuta zisiingie kwenye begi la mkononi, zitazuiwa ukaguzini. Zijaze hadi sentimita mbili chini ya mdomo, futa uzi wa kifuniko, weka kipande cha plastiki kati ya mdomo na kifuniko maana chuma kinaliwa na asidi, kisha mifuko miwili iliyofungwa kila mmoja peke yake, katikati ya nguo. Ukifika, fungua siku hiyohiyo. Mafuta yaliyomwagika njiani yarudishiwe kwa mafuta mapya, ya ufuta mabichi kwa avakaya na yaliyopashwa na kupozwa kwa methia, mpaka vipande vizame.